WCF: weka sawa haya ukiwa bado na vidole vyako kumi

Wengi wetu tunaanza kuulizia WCF siku mtu ameshalazwa, kidole kimeenda na grainda na bosi hapokei simu. Hapo umechelewa, sio sana, ila umechelewa.

Kwa asiyejua, huu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, umeanza kazi Julai 2015, unahusu Tanzania Bara, serikalini na binafsi. Anayechangia ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Zamani sekta binafsi walikuwa kwenye asilimia 1 ikashushwa. Kwa hiyo ukiona slipu yako ina makato ya WCF uliza palepale, haitakiwi kutoka kwako hata shilingi. Watu wanachanganya na NSSF, mfuko wa pensheni, kule mnachangia wote wawili, huku hapana.

Na wewe mwenye karakana usikimbie. Vijana kumi wa laki nne nne, mishahara ni milioni 4, mchango wako ni sh. 20,000 kwa mwezi. Jamani, elfu ishirini! Bora hiyo kuliko siku fundi kaanguka kwenye kenchi ndo unaanza kupitisha bakuli la mchango wa hospitali.

Sasa kitu ambacho mimi naona ndo kinaumiza watu kuliko vyote ni mshahara wa kwenye karatasi. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, bosi anakulipa laki sita ila mkataba na slipu vinasoma laki tatu, ile nyingine unapewa mkononi kwenye bahasha na wote tunachekelea kwa sababu kodi imepungua, kumbe fidia inapigwa hesabu kwa mshahara uliotangazwa! Ukiumia ukakaa nyumbani unalipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ya laki sita ni 420,000, ya laki tatu ni 210,000, na familia ni ileile. Ukipata ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, wanachukua asilimia 70 ya mshahara mara miezi 84 mara kiwango cha ulemavu. Ulemavu wa asilimia 10 kwa mshahara wa laki sita ni 3,528,000, kwa laki tatu gawa kwa mbili, na bahasha huwezi kwenda nayo ofisini kuionyesha. Ukizidi asilimia 30 inakuwa pensheni ya kila mwezi, hapo bahasha inakutafuna maisha yako yote.

Kwa hiyo kabla ya yote muwe na mkataba wa maandishi wenye mshahara wa kweli na kazi unayofanya kweli, sio umeandikwa msaidizi wa ofisi halafu unashinda kwenye mashine.

Pili ni muda. Mwajiri ana siku 7 za kazi kutoa taarifa WCF tangu ajue ajali imetokea, na madai yasipite miezi 12. Ndo maana hata ukijikata kidogo mwambie msimamizi siku hiyohiyo, kwa meseji, ibaki kwenye simu, maana ya mdomo yanakanwa. Kumbuka pia nani alikuwepo akaona. Hospitali sema wazi umeumia kazini ili daktari aandike hivyo, sio uone aibu useme umeanguka bafuni kumlinda bosi halafu wiki ya pili unabadilisha maneno. Ajali ya barabarani ukiwa kazini usisahau PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na ripoti ya polisi.

Mfuko hauangalii sana uzembe wa nani, ndo uzuri wake, huhitaji kumshtaki bosi kwanza. Ila kuumia kwa makusudi yako mwenyewe ni kesi nyingine. Na magonjwa ya kazini yamo pia, sio ajali tu, kwa hiyo wa vumbi na kemikali msijione mko nje.

Nyumbani sasa. Ukifariki kazini mwenza na watoto wana pensheni yao, lakini wataulizwa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, na wengi tumeoana kienyeji, watoto hawana vyeti. Vifuatilieni RITA, wale wa kusajili vizazi na ndoa, sasa hivi. Slipu ya mwezi huu ipige picha, na mkataba, mtumie mama watoto, mwambie na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa maana yeye analijua lile la mtaani tu.