Kabla jua la Februari halijashika: mambo ya kuzingatia

Utabiri wa msimu ukitoka, sisi watu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunausoma kwa njia moja. Tunatafuta West Nile, eneo letu, kwenye ramani, tukikuta imepakwa nyekundu ya joto tunasema "mwaka huu tutaona", kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Wiki ambayo joto linafika ndipo watu wanapogombania jerikeni sokoni. Mimi nimekuwa mmoja wao miaka mingi, kwa hiyo haya naandika kama mkosaji mwenzenu.

Kiangazi chetu hakifuati kalenda ya Ulaya. Mvua zikikata mwishoni mwa mwaka, kaskazini mwa Uganda ardhi inakauka miezi mitatu au minne mfululizo, maana huku tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, tofauti na Kampala au Masaka wanaopata miwili. Udongo wenye unyevu hula sehemu ya joto la jua kwa kukausha maji yake. Ukishakauka, joto lote linabaki hewani. Jua nalo linazidi kusogea kuelekea utosini, likiifikia ikweta karibu tarehe 20 Machi. Ndiyo maana Februari na mwanzo wa Machi ndiyo kilele, na joto likiwahi, Januari tu unaanza kulala nje.

Cha kwanza ni kujua utabiri unakwambia nini. ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, hutoa mwelekeo wa msimu kwa ukanda mzima, kisha wataalamu wa hali ya hewa wa kila nchi wanaufafanua kwa maeneo yao. Wanagawa uwezekano mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Kama mambo yote yangekuwa sawa, kila fungu lingepata asilimia 33 hivi. Ukisoma kwamba eneo lako lina asilimia 55 za joto la juu ya wastani, usidhani umeambiwa siku 55 za moto, wala digrii ngapi zitaongezeka. Umeambiwa tu kwamba mizani imeinama. Huo ni wakati wa kurekebisha nyumba na kununua vyombo. Siku yenyewe ya kuahirisha safari au kulima alfajiri utaipata kwenye utabiri wa siku kumi au wa kila siku, ule wa redio.

Pia ramani haijui milima. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Pakwach, ukingoni mwa Nile, iko chini yake kwa mita 500 au zaidi. Hewa hupungua joto kwa digrii sita hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya miji hii miwili, inayopakwa rangi moja, kuna tofauti ya digrii tatu hivi kabla hujahesabu upepo. Shangazi yangu wa Pakwach hucheka akitusikia tukilalamika. Na wa Kabale, karibu mita 2,000, wao jioni bado wanatafuta sweta.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa litangazwe kila mara redio inaposoma namba: joto la utabiri hupimwa kivulini. Kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu pembeni, juu ya nyasi, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima. Hakuna anayeishi kwenye kisanduku hicho. Wewe unaishi chini ya mabati. Redio ikisema 36, chumba chenye mabati matupu bila dari kinapita hapo saa nane mchana, na mwenye boda anayengoja abiria kwenye lami anapata zaidi. Kwa hiyo usijipime kwa namba ya redio, jipime kwa chumba unacholala. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi digrii 32 mchana na 24 usiku, hasa palipo na watoto wachanga na wazee. Usiku ndio unaoangaliwa kidogo, na ndio unaoumiza, kwa sababu mwili usipopata saa za kupoa unaamka na uchovu wa jana na kuongezea wa leo.

Basi anza na nyumba, Desemba, wakati mafundi hawajabanwa. Nyumba nyingi za matofali huku zina matundu ya hewa juu ya madirisha na milango. Nenda ukayatazame. Nakuhakikishia mawili au matatu yamezibwa kwa gazeti au kipande cha mbao, kwa ajili ya mbu au vumbi. Yazibue uweke wavu. Hewa ya moto hupanda juu, na hayo matundu ndiyo mlango wake wa kutokea. Kama hakuna dari, mikeka ya mafunjo iliyofungwa chini ya mabati inasaidia kuliko bei yake inavyoonyesha, ila isiwe karibu na jiko wala taa ya moto. Mwenye uwezo apake bati rangi nyeupe, maana nyeupe hurudisha mwanga badala ya kuumeza. Mchana funga madirisha ya upande wa jua na ushushe pazia. Jioni nje kukipoa, fungua yote. Mwenye nyumba ya nyasi anatushinda hapa sote, ila yeye ana hofu ya moto. Afyeke nyasi kuzunguka nyumba kabla wachoma majani hawajaanza kazi yao.

Kama mnajua mtalala uani, nunua chandarua cha nje na kamba mapema. Malaria haiendi likizo kwa sababu ya joto.

Maji ni hesabu tu. Katika joto mtu mzima anahitaji lita mbili hadi tatu za kunywa kwa siku, na anayefanya kazi juani zaidi. Nyumba ya watu sita, hiyo ni hadi lita 18, yaani karibu jerikeni zima la lita 20 linaishia kooni kabla hujapika wala kuoga. Weka akiba ya siku tatu za kunywa peke yake, kwenye vyombo vyenye mifuniko, kivulini, na uzungushe: tumia ya zamani, jaza mpya. Mtungi wa udongo bado hauna mpinzani, kwa kuwa maji yanayopenya kwenye ngozi yake hukauka na kuondoka na joto. Weka pia chumvi na sukari pa kujulikana: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi, kwa mtu anayeharisha au aliyetoka jasho sana.

Kwa Waislamu, na Yumbe na Arua tuko wengi, Ramadhani ya 2026 na ya 2027 zote zinaangukia Februari na Machi. Usingoje usiku wa daku kunywa yote mara moja, gawanya kuanzia futari. Mwenye kisukari, presha au mimba aonane na mganga wa kituo cha afya kabla mwezi haujaandama, hasa kama anatumia vidonge vya kuongeza mkojo. Asiviache mwenyewe.

Ongea pia na wale ambao hawatajisemea. Mzee hasikii kiu kama kijana, basi mpelekee kikombe bila kumuuliza. Mtoto asiachwe garini hata dakika chache. Shule zinafungua Februari, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu mapema kama mazoezi ya mbio yatakuwa asubuhi. Si hofu ya bure: Februari 2025 Sudan Kusini ilifunga shule wiki mbili baada ya wanafunzi kuanguka kwa joto katika mji mkuu, Juba, na kutoka mpakani Nimule hadi Juba ni kilomita 192 tu. Joto halipangi foleni Elegu, kituo chetu cha mpakani, kugongewa muhuri. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu na kukakamaa misuli, mtoe juani, mpe maji. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikiwaka moto, hiyo ni dharura: mmwagie maji, mpepee, tafuta gari. Aliyezimia usimnyweshe.

Madereva wa njia ya Juba mnajua zaidi yangu. Nakumbusha tu upepo wa tairi upimwe alfajiri likiwa baridi, na rejeta isifunguliwe ikiwa inachemka. Kuku wa kisasa wasipewe chakula kuanzia saa tano hadi saa kumi, maana kusaga chakula kunawaongezea joto na wao hawatoi jasho.

Mwisho wa joto nao una hatari yake. Hewa iliyopashwa wiki nyingi, ikikutana na unyevu wa kwanza wa msimu, huzaa mawingu ya radi. Tusisahau Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, Juni 2011, radi ilipoua wanafunzi 18, wala kambi ya wakimbizi ya Palabek, Novemba 2024, watu 14 walipouawa wakiwa kwenye ibada. Ngurumo ikisikika, ondoka chini ya mti. Misumari ya bati ikaguliwe kabla, kwa kuwa upepo hutangulia mvua. Na ile mvua ya kwanza usiikinge kwenye jerikeni la kunywa. Imeosha vumbi la miezi mitatu na mavi ya ndege kutoka juu ya bati. Iache ipite, au oshea pikipiki.