Kuchagua kati ya upasuaji mdogo na upasuaji kamili wa kukaza tumbo baada ya uzazi

Mwanamke anayefikiria kukazwa tumbo baada ya kuzaa mara nyingi huanza kwa kuuliza kovu litakuwa na urefu gani, na akishasikia kwamba upo upasuaji mdogo wenye kovu fupi na siku chache za kujiuguza, huona uamuzi umeshapatikana. Kovu ni jambo la haki kabisa kuulizia, lakini silo linaloamua. Kinachoamua ni hali ya tumbo juu ya kitovu. Ikiwa ngozi ya sehemu hiyo imelegea au misuli yake imeachana, upasuaji mdogo kwa kawaida hautaifikia, hata ukifanywa na daktari hodari namna gani, kwa sababu kazi yake kwa kawaida huishia chini ya kitovu.

Ili kulielewa hilo, ni vyema kujua mimba hufanya nini tumboni. Mambo matatu huhusika: ngozi, mafuta na ukuta wa misuli. Katikati ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, nayo imeunganishwa na utepe mgumu wa nyuzinyuzi. Mimba inapokua, utepe huo hutanuka na kuwa mwembamba, na misuli husogea kando. Kwa wanawake wengi nafasi hiyo hupungua katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, lakini kwa wengine hubaki wazi, na ndiyo maana mtu aliyerudia uzito wake wa zamani anaweza bado kuulizwa ana mimba ya miezi mingapi, hasa jioni au baada ya kula. Ngozi nayo ikitanuka kupita uwezo wake hubaki na michirizi, na ikishalegea sana hakuna mafuta ya kupaka wala zoezi litakaloirudisha. Mafuta yako ya aina mbili: yaliyo chini ya ngozi, ambayo daktari anaweza kuyaondoa, na yaliyo ndani yakizunguka utumbo, ambayo hayaguswi na upasuaji wowote wa aina hii. Mwanamke ambaye tumbo lake limejaa kutokana na mafuta ya ndani atatoka chumba cha upasuaji na kovu, lakini tumbo litabaki limejaa. Dawa yake ni kupunguza uzito kwanza.

Katika upasuaji kamili, daktari hukata ngozi kutoka upande mmoja wa nyonga hadi wa pili, chini kabisa mahali panapofunikwa na chupi. Kisha huibandua ngozi pamoja na mafuta yake kutoka kwenye ukuta wa misuli, akipanda hadi karibu na mbavu, na kuishona misuli iliyoachana ikutane tena kuanzia chembe ya moyo hadi kinena. Baada ya hapo ngozi huvutwa chini kama shuka inayotandikwa na ile iliyozidi hukatwa. Wengi hudhani kwamba kitovu huhamishwa, ilhali hubaki pale pale kwenye shina lake, na kinachofanyika ni kutoboa tundu jipya kwenye ngozi iliyoteremshwa ili kitovu kichomoze. Kwa hiyo kuna kovu la pili, dogo, linalokizunguka. Kazi hii huchukua kwa kawaida saa 2 hadi 4, na mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi.

Upasuaji mdogo hutumia mkato mfupi zaidi, ambao mara nyingi huzidi kidogo tu urefu wa kovu la kujifungua kwa upasuaji. Ngozi hubanduliwa hadi usawa wa kitovu, misuli iliyo chini yake hukazwa ikihitajika, na kipande cha ngozi iliyozidi huondolewa. Kitovu hakikatwi pembezoni, hivyo hakipati kovu. Wakati mwingine daktari hukikata kitovu kwenye shina lake kwa ndani na kukiteremsha kidogo, jambo linalompa nafasi ya kufikia misuli ya juu pia. Njia hiyo humfaa mwanamke ambaye kitovu chake kiko juu kiasi. Ambaye kitovu chake kiko chini tayari, kikiteremshwa tena kitaonekana kimekaa pasipo pake.

Kabla ya kwenda kwa daktari, jichunguze mwenyewe, bila haraka na bila nguo, mbele ya kioo kirefu. Anza ukiwa umesimama wima, kisha geuka ubavu na uiname mbele ukitokea kiunoni huku mikono ikiwa imeshika mapaja. Itazame ngozi ya juu ya kitovu. Ikibaki imeshikamana na tumbo, ni dalili nzuri. Ikining'inia na kufanya mikunjo midogo midogo, sehemu ya juu nayo imelegea. Baadaye keti kitini na ubane kwa vidole ngozi iliyo juu ya kitovu, kisha iliyo chini, uone kama zote mbili zinashikika kwa wingi au ni ya chini peke yake. Kitazame pia kitovu chenyewe. Kitovu kilichofunikwa na ngozi kwa juu hadi kikafanana na mdomo ulionuna kinakuambia kwamba kuna ngozi inayoteremka kutoka juu yake.

Kisha pima misuli. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu. Weka ncha za vidole vyako, vikiwa vimebanana, kwenye mstari wa katikati wa tumbo, upana wa vidole hivyo ukipita kutoka kulia kwenda kushoto. Inua kichwa na mabega kidogo tu, utahisi kingo mbili ngumu zikivibana vidole kutoka pembeni. Hesabu ni vidole vingapi vinaingia kati ya kingo hizo, na usikilizie pia kina, yaani kama vidole vinakutana na kitu kigumu au vinazama. Rudia kipimo hiki juu ya kitovu, kwenye kitovu na chini yake. Nafasi inayozidi vidole viwili, takriban sentimita 2 au zaidi, huhesabiwa kuwa misuli imeachana. Ukikohoa ukiwa umelala hivyo na kinundu kikatokeza kwenye kitovu, huenda una ngiri ya kitovu. Mweleze daktari mapema, kwa kuwa inaweza kurekebishwa katika upasuaji huo huo, na kwa kuwa ngiri hubadili namna kitovu kinavyoshughulikiwa ili kisikose damu.

Anayefaa upasuaji mdogo ni yule ambaye ngozi ya juu ya kitovu bado imekaza, misuli yake ya juu haijaachana, na tatizo lake limekaa chini ya kitovu peke yake. Mfano wake ulio wazi zaidi ni mama mwembamba aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye kovu lake limeng'ang'ania chini na ngozi ya juu yake imekunjika na kulifunika. Huyo atanufaika sana, kwa kuwa kovu la zamani hukatwa pamoja na mkunjo. Lakini akina mama wa namna hiyo si wengi. Mimba hutanua tumbo zima, na misuli huachana zaidi kwenye kitovu na juu yake, ndiyo maana wengi wanaofika kwa daktari wakiomba upasuaji mdogo huelezwa kwamba unaowafaa ni ule kamili. Maelezo hayo yasikuudhi wala kukutia shaka kwamba unatafutiwa gharama. Yaogope zaidi maneno ya daktari anayekubali upasuaji mdogo kabla hajagusa sehemu ya juu ya tumbo lako.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa lake ni gumu kurekebishwa. Mwenye ngozi iliyolegea juu akifanyiwa upasuaji mdogo hubaki na tumbo lililonyooka chini na kutokeza juu, na kitovu kilichovutwa kikawa kirefu. Nguo za kubana huonyesha tofauti hiyo kuliko zilivyoonyesha tumbo la awali. Kumalizia kazi hiyo kunahitaji upasuaji kamili, pamoja na nusu kaputi nyingine, kovu refu alilokuwa akilikwepa, na majuma mengine ya kujiuguza.

Upande wa pili, yaani upasuaji kamili, nao una tahadhari yake. Mwanamke mwenye ngozi iliyolegea kidogo tu huenda asiwe na ngozi ya kutosha kuteremshwa hadi tundu la zamani la kitovu, yaani lile lililobaki kwenye ngozi kitovu kilipokatwa pembezoni, lifike kwenye sehemu inayokatwa. Hapo daktari hulazimika kuliziba tundu hilo, na hubaki kovu fupi la wima juu ya lile refu la mlalo. Kovu hilo si kasoro ya kazi, ila lazima uwe umeelezwa mapema kama kwako linawezekana. Kuhusu michirizi, iliyo chini ya kitovu huondoka kwa sehemu kubwa katika upasuaji kamili kwa kuwa ngozi yake hukatwa, ilhali iliyo juu hushuka tu na kubaki. Katika upasuaji mdogo huondoka michache ya chini kabisa. Anayetaka kuondoa michirizi peke yake afikirie sana kabla ya kukubali lolote.

Kuna pia wasiohitaji wowote kati ya hizi mbili. Mwenye ngozi iliyokaza na misuli iliyofungana, ambaye shida yake ni mafuta ya chini ya ngozi, anaweza kutosheka na kunyonywa mafuta. Mwenye misuli iliyoachana kidogo na ngozi nzuri anapaswa kumwona kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu mazoezi sahihi ya misuli ya ndani ya tumbo huweza kumpa nguvu na umbo analolitaka.

Wakati wa kufanya ni muhimu kama aina yenyewe. Subiri angalau miezi 6 baada ya kujifungua, na miezi kadhaa baada ya kuacha kunyonyesha, hadi uzito wako utulie pasipo kupanda na kushuka. Ikiwa bado unatarajia kuzaa, ni busara kuahirisha. Mimba baada ya upasuaji huu kwa kawaida inaweza kubebwa salama, lakini huweza kuachanisha tena misuli iliyoshonwa na kutanua ngozi upya. Anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla na aendelee kutovuta baada ya upasuaji, kwani nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyobanduliwa inaweza kukosa damu ikafa. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambavyo huongeza uwezekano wa damu kuganda, na umwonyeshe kila kovu la upasuaji ulio nalo. Kovu la chini ya mbavu la upasuaji wa nyongo, kwa mfano, linaweza kuwa limekata mishipa ambayo ngozi ya tumbo ingeitegemea.

Katika kupima aina mbili hizi, pima pia nyumba yako. Baada ya upasuaji kamili utatembea umeinama kwa siku kadhaa, huenda ukawekewa mirija ya kutoa majimaji, utavaa vazi la kubana tumbo kwa majuma kadhaa, na kwa takriban wiki 6 hutanyanyua kitu kizito. Mtoto mchanga ni mzito, na anayetambaa ni mzito zaidi. Asiye na mtu wa kumbeba mtoto, kumwogesha na kumpandisha kitandani hana budi kusubiri hadi ampate. Upasuaji mdogo hufupisha kipindi hicho, ila haukifuti, hasa misuli ikiwa imeshonwa. Ngozi ya chini ya tumbo inaweza kubaki na ganzi kwa miezi, na kovu huchukua mwaka 1 au zaidi kufifia.

Hatari za aina zote mbili zinafanana, ingawa hukua kadiri eneo linalobanduliwa linavyokua: majimaji kukusanyika chini ya ngozi, damu kuvuja, maambukizi, kidonda kuachia. Iliyo nzito kuliko zote ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo sababu hutakiwa kuinuka na kutembea mapema hata kama unaumwa, na ndiyo sababu mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, au kifua kikichoma, unapaswa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri siku ya miadi.

Unapomwona daktari, hakikisha ni bingwa wa upasuaji rekebishi mwenye usajili, na kwamba kituo kina daktari wa usingizi na uwezo wa kushughulikia dharura. Mwombe akuchunguze ukiwa umesimama, umeketi na umelala. Muulize atashona misuli kuanzia wapi hadi wapi, kitovu atakifanya nini, na picha za wagonjwa wake wenye tumbo kama lako zinaonyesha nini baada ya mwaka mmoja, zikiwemo za ubavuni. Siku ya upasuaji, kabla ya dawa ya usingizi, atakuchora mistari ya kukata ukiwa umesimama. Vaa chupi unayopenda kuivaa siku zote, tazama mstari huo kwenye kioo, na usipoelewa unakoishia, mwambie akueleze tena kabla hujapanda kitandani.