Bima wamekupa hela kiduchu ya nyumba? Usisaini kwanza, soma hapa

Wakuu, hii naiandika baada ya kuhangaika na shemeji yangu wa Mikindani. Upepo ulimng'olea bati upande mzima wa baharini, nyumba ina bima kwa sababu benki walimlazimisha wakati anachukua mkopo (maana huku kusini nani anaenda kukatia nyumba bima kwa hiari yake), fundi kamwambia kupaua upya milioni 12, kampuni wakamletea karatasi ya milioni 4.8 asaini achukue chake. Na alikuwa anasaini kweli, kalamu mkononi.

Iyo karatasi inaitwa dischaji vocha. Ukishaisaini maana yake umekubali kwamba wamekulipa na huna dai tena, kurudi nyuma hapo ni shughuli. Kwahiyo kabla ya yote waandikie barua, sio kuwapigia simu, waambie wakupe mchanganuo wa iyo hela wameipataje na wakupe ripoti ya adjasta, yule jamaa aliyekuja kupiga picha na kukadiria hasara. Simu haiachi ushahidi. Sisi watu wa korosho stakabadhi tunaijua vizuri, ila ikifika bima tunaongea kwa mdomo tu sijui kwanini.

Mchanganuo ulivyokuja ndo tukaona mchezo ulipo. Nyumba ilikatiwa bima ya milioni 40. Adjasta kaandika thamani halisi ni milioni 100, yani shemeji kakatia asilimia 40 tu, basi na hasara wanalipa asilimia 40. 12 mara 40 gawanya kwa 100, unapata 4.8, na hapo eksesi (ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) hawajatoa. Hii sio wizi jamani, ipo kwenye mikataba mingi, inaitwa kanuni ya wastani, ukikata bima nusu ya thamani na wao wanalipa nusu ya hasara hata kama hasara yenyewe ni ndogo. Wengi wanadhani nina bima ya milioni 40, hasara ni 12, basi nalipwa 12. Hapana.

Sasa swali ni iyo milioni 100 imetoka wapi? Ilitoka kwenye ripoti ya uthamini ya benki, na ile ripoti imehesabu mpaka KIWANJA. Kiwanja hakiungui wala hakipeperuki, bima ya jengo inaangalia gharama ya kulijenga upya, basi. Tukamtafuta mkadiriaji majenzi akakaa na vipimo vya nyumba na bei za hapa hapa Mtwara, tofali, nondo, mbao, ufundi, ikatoka milioni 60. Piga tena hesabu: 12 mara 40 gawanya kwa 60 ni milioni 8. Tofauti ni milioni 3.2 kwa kubishana namba moja tu! Kelele za "mnatuibia" hazikuongeza hata mia, na alizipiga kweli kweli pale ofisini kwao mpaka nikaona aibu.

Jingine wanalolipenda huku kwetu ni kutu. Nyumba ikikaa karibu na bahari, iwe Shangani au Kilwa Masoko, chumvi inakula misumari na bati, alafu dhoruba ikija adjasta anaandika uchakavu. Ni kweli uchakavu, kutu na mchwa bima hailipi, ila bati kuwa na kutu sio sababu ya kuruka hadi kwa jirani, upepo ndo umelirusha. Hapa unatafuta ushahidi wa upepo: Mamlaka ya Hali ya Hewa wana kituo uwanja wa ndege Mtwara, waandikie uombe taarifa ya siku ile, alafu pata barua ya mwenyekiti wa mtaa na picha za nyumba za majirani zilizoezuliwa siku hiyo hiyo. Kama ni moto, taarifa ya Zimamoto. Na kama mkataba unalipa kipya kwa cha zamani wasikukate uchakavu, kama unalipa thamani ya wakati ule watakata, ila waulize wamekata asilimia ngapi na bati wamelihesabu lina miaka mingapi.

Angalia pia kitu gani kimekatiwa. Bima ya moto ya kawaida ni moto na radi, dhoruba na mafuriko mara nyingi ni nyongeza unayolipia na unaweza kuwa na moja huna nyingine. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ikakatika kule Somanga, upepo na mvua na mafuriko vyote kwa mpigo. Maji yaliyoshuka kupitia paa lililong'olewa hayafanani na maji yaliyopanda kutoka bondeni, kwahiyo kwenye fomu ya klemu usiandike tu "maji yameingia ndani", eleza yalipita wapi na kipi kilianza.

Siku za mwanzo: toa taarifa haraka kwa maandishi, piga picha kabla hujagusa kitu, funika turubai mvua isiongeze hasara na utunze risiti ya turubai. Bati zilizokunjika usiuze skrepa mpaka adjasta azione. Kama kuna mkopo wahusishe na benki, maana malipo yanaweza kupitia kwao.

Wakigoma, andika malalamiko rasmi kwa kampuni kwanza. Wakikaa kimya au wakikataa, nenda TIRA, ndo wasimamizi wa bima nchini na ofisi ya kanda ya kusini ipo Mtwara hapa hapa, watu wa Lindi mnahudumiwa hapo pia. Alafu yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kawekwa na Sheria ya Bima ya 2009, mlalamikaji halipi kitu, huhitaji hata wakili. Mahakama iache ya mwisho, wakili atakula ile ile hela unayoigombania.

Shemeji hakufika huko. Ripoti ya mkadiriaji na barua ya kurasa mbili vilitosha, wakamlipa ile 8 ukitoa eksesi, iliyobaki kajaziliza kwa hela ya korosho. Ukienda kokote peleka kopi tu, orijino zibaki nyumbani, na kila barua unayopeleka hakikisha wanakugongea muhuri wa kupokea kwenye kopi yako.