Magugu yanayopanda: jinsi ya kuyapunguza bila kufukuza ndege na nyuki

Kwanza kabisa usiyavute. Najua ukiona gugu limejisokota kwenye waridi mpaka juu mkono unawasha, ila ukivuta unavunja matawi ya waridi alafu mzizi unakatikia chini unabaki. Na haya ya ukoo wa viazi vitamu, yenye maua kama tarumbeta, meupe au ya pinki, kuna aina ambazo kipande cha mzizi cha sentimita chache tu kinachipua upya, kwa hiyo anayepiga jembe anayapanda bila kujua.

Fanya hivi, fuata shina mpaka linapotoka ardhini, kata hapo kwa mkasi, kule juu acha kukauke siku kadhaa. Likikauka linakatika lenyewe, unatoa kipande kipande na mmea hauumii. Lakini kabla hujakata simama kwa mbali uangalie kama kuna ndege anaingia na kutoka, alafu ndo uchungulie taratibu. Mimi niliwahi kufunua majani nikakuta vifaranga watatu midomo wazi, hata manyoya hawana, nikayarudisha majani polepole nikaiacha ile kona mpaka wakaruka. Waridi lilikuwepo bado, zima kabisa.

Sasa mzizi. Subiri udongo uwe na unyevu utumie jembe uma, legeza kwanza ndo uufuate kwa vidole, ni mweupe, mnene kama kamba ya kiatu na unavunjika haraka mno. Hutaumaliza siku moja manake unaenda chini hata zaidi ya mita. Kinachoumaliza ni kukata kila chipukizi kabla halijajaza majani, kila wiki au wiki mbili, kwa sababu majani ndo yanalisha mzizi, ukiunyima chakula misimu kadhaa mfululizo unachoka. Mizizi uliyotoa usiitupe kwenye mboji ikiwa hai, loweka kwenye ndoo mpaka ioze au anika juani mpaka ivunjike kama kijiti.

Dawa ya kupuliza siishauri kabisa, gugu limekumbatiana na mmea wako utapulizaje moja uache lingine, na humo kwenye maua nyuki wamo.

Na usiyamalize yote jamani! Chagua kona moja, simika fito, acha yapande hapo, nyuki wapate maua na viwavi wa nondo wapate majani. Ila vitumba vya mbegu vikate kabla havijapasuka, mbegu zake zinakaa ardhini miaka na miaka.

Nisiloliachia hata kona ni mlangamia, zile nyuzi za njano zisizo na majani, huo unanyonya mmea wenyewe. Kata pamoja na tawi ulilolishika, kabla haujatoa mbegu, kagua na matawi ya jirani maana uzi mfupi ukibaki umejishika unaendelea.