Kutoka Ukutani Hadi Albamu: Namna ya Kukusanya Stempu za Sanaa ya Mitaani

Mchoro wa ukutani hauna uhakika wa kesho. Jengo linabomolewa, mwenye ukuta anapaka rangi upya, jua na mvua vinamaliza kilichobaki. Ndiyo maana katika stempu zangu zote, hizi za sanaa ya mitaani nazipa nafasi ya pekee: nchi ikishatoa stempu yenye mchoro ule, upo ushahidi rasmi kwamba ukuta ulikuwepo. Basi ukitaka kuanza, kusanya stempu pamoja na habari za ukuta wake. Stempu peke yake ni nusu ya kazi.

Anza kwa kuweka mipaka, maana bila mipaka utajikuta unanunua kila chenye rangi kali. Mimi nina makundi matatu. La kwanza ni stempu zinazoonyesha kazi iliyoko ukutani. Mwaka 2018 posta ya Australia ilitoa stempu za maghala ya nafaka yaliyochorwa, likiwemo la Brim, jimbo la Victoria. Guido van Helten alikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa 2016: watu wanne wa jamii ya wakulima, kwenye ghala lisilotumika tena, lenye urefu wa mita 30 hivi. La pili ni stempu zilizochorwa na msanii wa mitaani ingawa ukuta wenyewe hauonekani. Hapo siachi kuitaja Marianne ya Ufaransa ya 2018, yaani stempu yenye sura ya mwanamke anayewakilisha jamhuri hiyo, kazi ya Yseult Digan anayejulikana kama YZ, iliyochongwa kwenye bamba la kuchapia na Elsa Catelin. Rais Emmanuel Macron aliizindua Julai 2018 mjini Périgueux, na sura hiyohiyo ikachorwa kubwa kwenye ukuta wa mji huo. La tatu ni stempu za kitendo chenyewe cha kuchora. Tarehe 1 Julai 2020 Marekani ilitoa stempu nne za hip hop, na moja kati yake ni ya grafiti, pamoja na za MC (mwimba rapu), DJ na wacheza dansi ya breki.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakwambia Marianne. Ilikuwa stempu ya matumizi ya kila siku hadi 2023, imebandikwa kwenye barua nyingi mno, kwa hiyo haina bei ya kutisha, na ipo ya kijani, nyekundu na rangi nyingine kulingana na huduma. Tafuta iliyogongwa muhuri unaosomeka vizuri, mji na tarehe. Iweke chini ya kioo cha kukuzia uone mistari ya mchongaji. Kisha weka pembeni yake stempu iliyotokana na picha ya kamera: hapo mara nyingi utaona vitone vidogo vya rangi vilivyopangana. Zoezi hilo la dakika chache litakufundisha uchapaji kuliko maelezo marefu.

Sasa stempu ambayo, kwa maoni yangu, mkusanyiko huu haukamiliki bila hiyo. Novemba 2022, mchoro wa Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza anayeficha utambulisho wake, ulionekana kwenye ukuta wa jengo lililoharibiwa kwa mabomu huko Borodyanka, karibu na Kyiv: mtoto aliyevaa nguo za judo anamwangusha chali mtu mzima. Tarehe 24 Februari 2023, mwaka mmodi kamili tangu Urusi ianze uvamizi mkubwa, posta ya Ukraine ilitoa stempu ya mchoro huo. Itazame polepole. Chini upande wa kushoto kuna herufi za Kisirili, ufupisho wa tusi kwa Putin. Herufi hizo hazipo ukutani. Ziliongezwa na posta. Tofauti kama hiyo ndiyo ya kuandika kwenye ukurasa wako, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo msanii ameishia na serikali imeanza kusema.

Kila stempu itengenezee kadi ndogo: jina la msanii, mji, mwaka wa mchoro, mwaka wa stempu, na hali ya ukuta leo. Mstari huo wa mwisho urudie kuuhakiki kila baada ya muda.

Jihadhari na bandia. Majina makubwa ya sanaa huvutia wachapaji wasio na idhini, wanaotumia majina ya nchi ambazo hazikuagiza stempu hizo. Kwa stempu zilizotolewa tangu 2002, angalia orodha ya WNS, mfumo wa kuzipa stempu rasmi namba, unaosimamiwa na Umoja wa Posta Duniani. Isipokuwemo humo, usilipe kabla ya kuthibitisha na posta ya nchi husika.

Utunzaji haubadiliki: kibano badala ya vidole, albamu isiyo na asidi, plastiki isiyo na PVC, mbali na jua na unyevu. Ila moja usilisahau: stempu nyingi za kujibandika za Marekani za miaka ya karibuni hazibanduki kwa maji. Usiziloweke. Kata karatasi ya bahasha kuizunguka stempu, ukiacha ukingo wa milimita chache, meno ya kingo za stempu yabaki salama.

Ukishazoea, tengeneza kadi ya maksimamu. Tafuta postikadi yenye picha ya mchoro uleule, bandika stempu upande wa picha, kisha posta ya mji wenye ukuta huo iigonge muhuri. Picha, stempu na muhuri vinapaswa kuoana, na postikadi isiwe nakala tu ya stempu iliyokuzwa.

Ukifikiria maonyesho, fremu moja, yaani ubao mmoja wa kuonyeshea, huchukua kurasa 16. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la wakusanya stempu, FIP, maonyesho ya kimaudhui, yaani yanayosimulia mada moja, hupewa alama 35 kwa namna ulivyojenga simulizi, 30 kwa maarifa na utafiti, 30 kwa hali na uadimu wa vitu, na 5 tu kwa mwonekano wa kurasa. Kwa hiyo usihangaike na urembo wa pembezoni. Zile kadi zako za kuta ndizo zitakazokupa alama.