Kitabu cha Kwanza cha Mtoto Hushonwa Nyumbani
Chukua karatasi nne za A4, uzipange pamoja na kuzikunja katikati, nawe utapata kijitabu cha kurasa 16 kinachohitaji tu kushonwa kwenye mkunjo kwa sindano na uzi mnene, kupitia matundu matatu. Pini za stepla sizipendi, kwa kuwa ncha zake huchoma vidole vidogo.

Maneno yatoke kinywani mwa mtoto mwenyewe. Muulize paka wa jirani amefanya nini leo, kisha uandike jibu lake kwa maandishi makubwa, sentensi moja kwa kila ukurasa: “Paka analala.” “Paka anataka maziwa.” Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, mtoto anayezijua pa, ka, la na ta tayari anaweza kusoma paka, kaka, lala, kata na taka; maneno yenye ng', dh au gh yasubiri kijitabu cha tatu au cha nne.

Picha achore yeye, ila iwekwe nyuma ya ukurasa wenye maneno, maana mtoto akiiona kwanza hukisia badala ya kusoma. Wangu aliwahi kusoma “mbwa” palipoandikwa “paka”, na kusema kweli mchoro wake ulifanana zaidi na mbwa. Usiusahihishe mchoro. Jina lake liandikwe kwenye jalada, mahali pa mwandishi.