Kukamata rafu za chinichini na faulo za kuigiza kwenye kikapu cha vyuo

Ukichezesha mechi ya vyuo hapa Dar, iwe Mlimani, Don Bosco Upanga au JMK Park, na mpo marefa wawili tu bila video ya marudio, mchezaji mjanja ameshapiga hesabu: macho manne kwa wachezaji kumi. Rafu yake ataifanya mbali na mpira. Kwa hiyo gawaneni maeneo kabla mechi haijaanza. Refa wa chini ya ringi aangalie miili inayogombania nafasi. Wa nyuma abaki na mwenye mpira. Mpira ukiwa upande wa mwenzako, usiufuate kwa macho. Viwiko vingi hupita hapo.

Mtazame mlinzi kabla hawajagusana. Je, alishakanyaga chini kwa miguu yote miwili akimkabili mshambuliaji? Je, wamegongana kifuani? Kama yote ni ndiyo, faulo ni ya mshambuliaji, hata kama mlinzi alikuwa anarudi nyuma. Refa aliyeganda kwenye mpira humwona mtu akiwa ameshalala chini, na hapo amebaki kubahatisha.

Anayejiangusha ana dalili zake. Mikono hupaa kabla hajaguswa. Kichwa hurushwa nyuma wakati kilichoguswa ni bega. Kelele hutangulia kishindo. Aliyesukumwa kweli huenda upande ule nguvu inakoelekea, na mara nyingi hutanguliza kiganja kujiokoa. Kwenye sementi wengi huogopa kuanguka, wanarusha kichwa tu, kwa hiyo usingoje mtu alale ndipo umshuku.

Kwa mrushaji wa pointi tatu, angalia mguu. Akiutupa mbele umgonge mlinzi, yeye ndiye aliyetoka kwenye silinda yake, yaani nafasi ya hewani inayouzunguka mwili wake. Mlinzi naye akipenyeza mguu chini ya mtu aliye hewani, piga filimbi bila kusita: aliyeruka ana haki ya kutua, na mchezo huo huharibu vifundo na magoti. Binafsi rafu hii naiona mbaya kuliko zote.

Wakati wa ribaundi, yaani kugombania mpira uliokosa kikapu, kuna ujanja wa kubana mkono wa mpinzani kwapani, kisha kujitupa chini ili ionekane umevutwa. Uliza kwapa la nani limefungwa. Mwenye kwapa ndiye mkosaji.

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kuigiza faulo huanza na onyo: refa huinua mkono kuanzia kiwiko mara mbili, kisha mchezaji na kocha mkuu huelezwa. Kosa likirudiwa ni faulo ya kiufundi, mtupo huru 1. Faulo isiyo ya kimichezo ni mitupo 2 na mpira. Mchezaji akipata mbili za aina moja kati ya hizo, au moja ya kila aina, anatoka. Onyo ambalo kocha hakuambiwa huzaa ugomvi robo ya nne, kwa sababu ataona adhabu imeshuka kutoka mbinguni.

Wanafunzi wengi huiga video za vyuo vya Marekani, na huko sheria ni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya kule. Msimu wa 2021-22 kikapu cha wanaume kiliondoa onyo na kuanza moja kwa moja na faulo ya kiufundi. Baadaye onyo likarudishwa. Kule marefa hukagua video pembeni ya uwanja, na picha za video zilimwumbua Grayson Allen, mchezaji wa chuo cha Duke, alipowatega wapinzani kwa mguu mwaka 2016. Mwambie kijana wako asibishane na refa kwa sheria ya kule.

Kocha, usimfundishe mlinzi kuanguka. Mfundishe kufika mapema, kupanua miguu na kuacha mikono wima. Zoezi: wawili wawili, mshambuliaji anakwenda nusu kasi, mlinzi apokee mgongano kifuani na abaki amesimama, mara 10 kila upande. Malalamiko apeleke nahodha, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama, na aseme namba ya jezi na kitendo: “Refa, namba 8 anabana mkono kwenye ribaundi.” Akisema tu “wanatuchezea rafu”, refa hana cha kuangalia.